PS2 ya marehemu kaka haisomi diski: nianze na lenzi, chipu au memori kadi?

Swali: Shikamoo fundi. Kaka yangu alifariki mwaka jana, akaniachia PlayStation 2 ile nene, nyuma imeandikwa SCPH-50004. Inawaka vizuri ila haisomi diski: inazunguka kidogo, inanyamaza, halafu inasema hakuna diski. Ndani kuna memori kadi yake, na nadhani humo ndimo kuna misimu yake yote ya gemu la mpira. Fundi wa huku Tanga anasema lazima tubadilishe lenzi na kuweka chipu, shilingi 90,000. Rafiki yangu naye anasema siku hizi lenzi haina kazi, magemu yanachezwa kwa hadi diski (hard disk). Nahitaji vifaa gani na programu gani, na nianze na kipi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuondokewa na kaka. Nimelisoma swali lako mara mbili, na nitaanza na kitu ambacho hukukiuliza: ile memori kadi. Ichomoe leo. Iandike jina la kaka, iweke pakavu, na usimpe fundi yeyote mashine hiyo ikiwa na kadi ndani. Lenzi inanunulika, chipu inanunulika, hata mashine nzima inanunulika. Misimu ya kaka yako iko ndani ya zile MB 8 peke yake, na mtu akibonyeza vibaya akaifuta, hakuna duka linaloiuza.

Kadi ikishakuwa salama, ndipo tuzungumze vifaa. Rafiki yako yuko karibu na ukweli kuliko fundi wako, ila naye karuka hatua.

Tuanze na namba uliyoisoma nyuma. Tarakimu ya mwisho ni soko ambalo mashine ilitengenezewa: 0 ni Japani, 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya bara. Yako ya Ulaya inatumia umeme wa volti 220 hadi 240, kwa hiyo kwenye soketi zetu haina shida. Mwenye mashine nene inayoishia na 0 au 1 akiichomeka moja kwa moja ukutani, anaunguza pawasaplai siku hiyohiyo. Tarakimu za mwanzo ni kizazi. Familia ya 30000 hadi ya 50000 ni nene, na nyuma zina uwazi wa kupokea hadi diski. Familia ya 70000, iliyotoka mwaka 2004, na zilizofuata ni zile nyembamba: uwazi huo hazina, badala yake zina tundu la kebo ya mtandao. Za mwisho kabisa, familia ya 90000, nyingi zilizibwa ule mlango nitakaokueleza hapa chini. Kwa kazi unayoitaka wewe, kaka alikuachia toleo ambalo mimi mwenyewe ningelichagua.

Sasa, kabla hujatoa hiyo 90,000, jiulize: kaka alikuwa anacheza diski za aina gani? Za kampuni, zenye picha iliyochapwa vizuri juu? Au za kuchomwa, zile zilizoandikwa jina la gemu kwa kalamu ya wino? Kama zilikuwa za kuchomwa na zilikuwa zinaingia, basi mashine hiyo ina chipu tayari. PS2 ambayo haijaguswa huikataa diski ya kuchomwa, kwa sababu diski halali ina alama ambayo kifaa cha kuchomea cha nyumbani hakiwezi kuiandika. Chipu ndiyo inayoidanganya mashine kwamba alama ipo. Mashine nyingi za kizazi hiki nilizozifungua huku kwetu nilizikuta na kibao kidogo kimebandikwa juu ya ubao mkuu, na nyaya nyembamba kama nywele zimelehemewa mpaka kwenye BIOS, yaani sehemu yenye programu za kuwashia mashine. Wenyewe hawakuwa na habari, maana walinunua zikiwa hivyo. Kwa hiyo inawezekana kabisa fundi anataka kukuuzia chipu ya pili. Akifungua, mwambie akuonyeshe ubao kwa macho yako kabla ya kugusa kitu.

Na hata kama haina chipu, huihitaji. Chipu ilikuwa na maana wakati njia ya kuingiza gemu ilikuwa diski peke yake. Kulehemu nyaya zote hizo kwenye nukta ndogo kuliko punje ya mchele ni kazi ya mkono uliozoea, na nukta moja ikinyofoka mashine inakufa. Sioni sababu ya kuihatarisha mashine ya kaka kwa faida ambayo leo unaipata kwa memori kadi.

Lenzi ni habari nyingine, na hapo simpingi fundi moja kwa moja. Namwomba tu apime kwanza. PS2 inasoma kwa miali miwili tofauti: wa nanomita 780 kwa CD na wa nanomita 650 kwa DVD. Tafuta diski nne: CD ya muziki, DVD ya filamu, gemu lenye mgongo wa bluu (hilo ni CD) na gemu lenye mgongo wa fedha (hilo ni DVD). Jaribu moja moja. Ikiwa muziki na la bluu zinaingia lakini za DVD zinakataa, mwali wa DVD umechoka au kioo kina uchafu. Zikikataa zote nne, mara nyingi ni vumbi, grisi iliyokauka kwenye reli, au ile gia nyeupe nitakayoitaja. Kama diski haizunguki kabisa, usiilaumu lenzi, tazama mota na utepe wake. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na fundi asiyekifanya anabahatisha kwa pesa yako.

Ukitaka kusafisha mwenyewe, unahitaji bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kati yenye shingo ndefu, kisu chembamba au ukucha mgumu, pamba ya masikioni, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Usitumie manukato wala mafuta ya taa, vinaacha utando. Chomoa umeme, acha mashine ikae. Igeuze kifudifudi, utaona vifuniko vidogo vya mraba, vibandue kwa kisu, skrubu ziko chini yake, 8 au 10 kutegemea toleo. Igeuze tena, kisha nyanyua mfuniko wa juu taratibu, na hapo simama. Kule mbele, kwenye kitufe cha kuwashia na cha kufungulia trei, kuna utepe mwembamba ulioshika. Wengi wanauchana hapa kwa kuvuta mfuniko kama wanafungua sufuria. Shika mfuniko kwa mkono mmoja, tazama ndani kwa tochi, achilia utepe kwanza.

Ukishaona kisanduku cha trei umefika, usishuke chini zaidi. Chini ya bati kuna pawasaplai, na kapasita yake kubwa hubeba zaidi ya volti 300, tena hubaki na moto kwa muda hata baada ya kuchomoa waya. Fungua skrubu nne ndogo za kifuniko cha trei, kiondoe, na jicho la lenzi litakutazama. Chovya pamba, ikamue isidondoke, zungusha juu ya kioo bila kukandamiza, maana kioo kimekaa juu ya vijiwaya laini sana. Futa reli mbili za chuma, weka grisi nyeupe kidogo, ya kiasi cha kichwa cha kiberiti.

Pembeni ya reli utaona gia nyeupe ndogo yenye meno. Ndiyo inayopanga mwinamo wa lenzi, na kwa miaka ya mtikisiko huteleza jino moja moja mpaka mwali unapiga diski kwa upande. Ukitaka kuigusa, chora alama kwa kalamu mahali ilipo sasa, ndipo uisogeze jino moja, ujaribu, jino moja tena. Mashine kadhaa zilizoletwa kwangu kama za kutupa zilipona kwa meno mawili ya gia hiyo.

Lililo la kukataa kabisa ni kuzungusha ile skrubu ndogo ya kuongeza nguvu ya mwali. Karakana moja niliyokuwa nikipeleka kazi zamani, kabla sijajifunza mwenyewe, iliizungusha kwenye mashine yangu bila kupima. Ilisoma diski kwa wiki mbili vizuri mno, halafu lenzi ikafa moja kwa moja. Fundi makini hupima kwanza ukinzani kwa mita, anaandika namba kwenye karatasi, ndipo anasogeza kwa unywele. Asiye na mita asiguse.

Na kama mwali umekufa kweli, nunua lenzi mpya kwa namba. Mashine nene nyingi hutumia KHS-400C, lakini soma iliyoandikwa kwenye ya zamani kabla ya kuagiza. Lenzi mpya huja mara nyingi na tone dogo la risasi ya kulehemu linalounganisha nukta mbili kwenye kibao chake, kuilinda dhidi ya umeme tuli wakati wa safari. Lazima liondolewe kwa chuma cha moto na utambi wa shaba wa kunyonyea risasi. Usipoliondoa, lenzi haiwaki, na utadhani umeuziwa mbovu.

Hayo yote, mdogo wangu, yafanye baadaye. Kwanza kuna mlango uliomo tayari ndani ya mashine.

PS2 inapowaka, kabla haijakuonyesha chochote, inachungulia memori kadi kuona kama kuna toleo jipya la programu zake za ndani. Sony waliuweka utaratibu huo kwa sababu ya msingi: mashine za kwanza za Japani, mwaka 2000, zilikuja na programu ya kuchezea DVD ikiwa ndani ya memori kadi. Mwaka 2008 wataalamu wa kujitolea walitoa Free McBoot, programu inayokaa mahali pale pale ambapo mashine inachungulia. Mashine inaikuta, inaiamini, inaiwasha. Hakuna skrubu iliyofunguliwa, hakuna waya uliolehemewa, na ukiichomoa kadi mashine inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Kwa mashine yenye kumbukumbu ya mtu, hilo la kurudi nyuma ndilo ninalolithamini kuliko yote.

Wengi wanakwama kwenye kuipata kadi hiyo. Huwezi kuchukua mafaili ya Free McBoot kwenye kompyuta ukayanakili tu kwenye kadi, wala kuyahamisha kutoka kadi moja kwenda nyingine. Mfumo wa usalama wa kadi, unaoitwa MagicGate, unalifunga faili na kadi ile ile moja. Likihamia kwingine halitambuliki. Kazi ya kulifunga hufanywa na PS2 yenyewe kupitia programu ya kusakinisha. Kwa hiyo unahitaji PS2 nyingine ambayo tayari imefunguka: ya rafiki mwenye Free McBoot, au ya mwenye chipu. Kwa wenye lenzi nzima kuna FreeDVDBoot ya mwaka 2020, iliyotumia kasoro ya programu ya kuchezea DVD. Unachoma diski moja ya kawaida, unaiingiza kama filamu, mlango unafunguka, na hata zile za 90000 zinaingia kwa njia hiyo. Kwa lenzi yako ilivyo sasa haikusaidii. Kwako ni ama rafiki, ama kununua kadi iliyokwisha kusakinishwa, ambayo wauzaji wa vifaa vya magemu wanayo na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na hiyo 90,000.

Ukisakinishiwa, omba usakinishaji wa kawaida unaolingana na mashine yako ya Ulaya. Kuna ule wa kadi moja kuingia kwenye mashine za kila soko, unavutia, lakini unafanya hivyo kwa kuuvuruga kwa makusudi mpangilio wa mafaili ndani ya kadi. Siku ukifuta kitu humo unaweza kupoteza kila kilichopo. Chukua kadi ya MB 8, hata kama si ya Sony, mradi inakubali MagicGate. Kadi za bei rahisi zinazojitangaza kuwa na MB 128 nimeziona zikipoteza kumbukumbu za watu mara nyingi mno, siziweki kwenye mashine ya mteja. Na narudia: usikubali Free McBoot isakinishwe ndani ya kadi ya kaka.

Kadi mpya ikifika, hutacheza gemu siku hiyo. Siku hiyo ni ya kuokoa. Weka kadi mpya tundu la kwanza, ya kaka tundu la pili, na flashi tupu iliyoformatiwa FAT32 kwenye tundu la USB hapo mbele. Washa. Kwenye menyu utakuta uLaunchELF, ambayo ni kama meneja wa mafaili: inaona kadi zote mbili na flashi. Fungua mc1, ndiyo kadi ya kaka. Utaona mafolda yenye majina kama BESLES yakifuatiwa na namba. Herufi mbili za mwanzo ni soko, BE kwa Ulaya, BA kwa Marekani, BI kwa Japani, zinazofuata ni namba ya gemu lenyewe. Chagua folda, bonyeza R1 menyu ifunguke, chagua kunakili, nenda kwenye mass, yaani flashi, bonyeza R1 tena na uchague psuPaste. Usichague ile ya kubandika ya kawaida. Hiyo ya psu inafunga folda zima kuwa faili moja, pamoja na tarehe zake na aikoni yake. Rudia kwa kila folda. Kisha peleka flashi kwenye kompyuta, nakili mafaili hayo mahali pawili. Ukimaliza, ile kadi ya kaka ichomoe tena.

Hapo sasa tucheze. Programu ni Open PS2 Loader, watu wanaiita OPL, ilianza mwaka 2009 na bado watu wa kujitolea wanaiendeleza. Kazi yake ni kukaa katikati: gemu linapoomba data kwenye diski, OPL inalipatia kutoka flashi, hadi diski au mtandao, nalo halijui tofauti. Lenzi inabaki imelala.

Flashi ndiyo rahisi lakini ina kikomo ambacho wauzaji hawakitaji. USB ya PS2 ni ya kizazi cha 1.1, megabiti 12 kwa sekunde, yaani kwa vitendo karibu MB 1. Diski ya DVD kwenye mashine hiyo husomwa kwa kasi ya mara 4, zaidi ya MB 5 kwa sekunde. Gemu la mpira likiwa uwanjani halisikii tofauti, ila video za mwanzo zinakwamakwama na sauti ya mtangazaji inachelewa. OPL ina namna za kusaidia, kwa mfano hali namba 4 inaruka video, hali namba 1 inasoma kwa uangalifu zaidi, lakini mfereji mwembamba ni mfereji mwembamba. Jambo lingine: FAT32 haibebi faili linalofika GB 4, na DVD ya tabaka moja hufika GB 4.7. Matoleo ya karibuni ya OPL yanasoma exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho, na hilo limeondoa kero ya kukata gemu vipande. Kinachobaki ni mpangilio: ukifuta na kuongeza magemu kwenye flashi hiyo hiyo, faili hutawanyika, na OPL ikikuta gemu limetawanyika sana hulikataa. Dawa yake ni kuhamisha kila kitu kwenye kompyuta, kuformati upya, kurudisha gemu moja moja.

Rafiki yako alisema hadi diski, na kwa mashine yako ndiyo njia bora kuliko zote. Unahitaji adapta ya mtandao ya Sony inayoingia kwenye ule uwazi wa nyuma; ina tundu la kebo ya mtandao, na kwa ndani ina kiunganishi cha hadi diski za zamani za IDE, zile za inchi 3.5 zilizokuwa kwenye kompyuta za mezani. Waulize mafundi wa kompyuta, wengi wana maboksi ya hizo na hawajui wazifanyie nini. Ukikosa ya IDE, kuna vibao vya kubadilisha kiunganishi kuwa SATA, cha hadi diski mpya zaidi, na hapo unaweza kufika hadi TB 2. Kwa kuwa madukani kuna za uongo na za kweli, kagua adapta kwa macho kabla ya kulipa: pini ziwe zimenyooka, na skrubu mbili ndefu za kuifunga ziwepo, maana bila hizo inalegea na mashine inaganda katikati ya mechi.

Hadi diski ya PS2 ina mpangilio wake ambao Windows haiujui. Ukiichomeka kwenye kompyuta ili kuingiza magemu kwa programu ya HDL Dump, Windows itakuletea dirisha la adabu kabisa likisema diski haijaandaliwa, je, iandaliwe? Jibu ni hapana, kila mara. Ukikubali, imeandika juu ya ramani ya magemu yako yote. Wenye PS2 nyembamba wao wanapitisha gemu kwa kebo ya mtandao kutoka kompyuta kwa SMB, utaratibu wa kushirikishana mafaili kwenye mtandao, inafanya kazi vizuri, ila OPL inatumia SMB ya toleo la 1 ambalo Windows 10 huja imelizima kwa sababu za usalama. Akiliwasha, awe na kompyuta isiyo na mambo ya benki.

Magemu yenyewe yatoe kwenye diski ulizonazo. DVD ya PS2 inasomwa na kifaa cha DVD cha kompyuta ya kawaida, na mara nyingi hicho kinasoma hata iliyochubuka ambayo PS2 imeikataa. Kwa programu ya ImgBurn chagua kusoma diski kuwa faili, utapata ISO, yaani faili moja lenye gemu zima. Zenye mgongo wa bluu hutoka kama BIN na CUE, hizo zigeuze kuwa ISO. Piga hesabu ya alama ya faili, MD5 au SHA-1 (kwa zile za bluu, ya BIN kabla hujaigeuza), ulinganishe na Redump, orodha ya mtandaoni ya alama za diski halali. Zikifanana, nakala ni kamili hadi biti ya mwisho. Hadi diski zilizojazwa magemu 100 zinazouzwa mtaani siziungi mkono: ni kazi za watu zinazouzwa bila ruhusa yao, na zaidi ya hapo huwezi kujua ni toleo gani umepewa.

Na toleo ndilo litakalokuletea au kukunyima misimu ya kaka. Kumbukumbu ya gemu imefungwa kwa namba yake. Gemu la Marekani halitaiona kumbukumbu yenye BESLES hata liwe na jina lilelile na mwaka uleule. Kama kaka alikuwa na diski yake, itafute hata iwe imechubuka kiasi gani, chini ya kitanda, kwenye kasha la CD za muziki, kwa rafiki aliyeiazima. Kama ilikuwa ya kuchomwa yenye ligi zilizobadilishwa na mashabiki, ndiyo usiitupe kabisa, kwa sababu majina ya timu na wachezaji aliyokuwa anayaona yako kwenye diski ile, na kumbukumbu ikifunguliwa kwenye gemu la kiwandani inaweza kuonyesha majina mengine au kukataa.

Ukishalipata gemu lake, usichezee kadi yake. OPL ina kitu kinaitwa VMC, memori kadi ya kubuni: faili la MB 8 linalokaa kwenye flashi au hadi diski, na gemu linaliona kama kadi halisi. Rudisha nakala ya kaka humo, cheza humo. Ukiharibu msimu, unafuta faili na kuweka nakala nyingine. Ukitaka kutoka kwenye gemu bila kuzima mashine, bonyeza kwa pamoja L1, L2, R1, R2, Start na Select, utarudi kwenye menyu.

Mambo mawili madogo yatakayokusumbua siku ya kwanza. Mashine ikikuuliza lugha na tarehe kila inapowaka, betri yake ya saa imekwisha, ni ile ya duara ya CR2032, inauzwa hata kwa mafundi saa. Na kama una runinga bapa na ukanunua kile kiadapta cha HDMI cha kuchomeka nyuma, picha ikitoka na rangi za ajabu au isitoke kabisa, rudi kwenye waya wa njano, ingia mipangilio ya mashine, na ubadilishe aina ya picha kutoka RGB kwenda Y Cb/Pb Cr/Pr, ndipo uchomeke tena.

Kwa hiyo ukienda dukani kesho, nunua vitu viwili tu: kadi ya MB 8 yenye Free McBoot kwa mashine ya Ulaya, na flashi moja. Adapta ya mtandao, hadi diski na lenzi vinaweza kungoja mwezi ujao. Ukishafungua kadi ya kaka kwenye uLaunchELF, niandikie majina ya mafolda utakayoyaona, herufi zote na namba kama zilivyo. Kwa hizo nitakuambia ni gemu gani hasa, la mwaka gani, na toleo gani la diski ulitafute.